Mashine Iliyorudi Imeshiba

Theluji ilikuwa imekwisha, na mji wa Bowie, huko ughaibuni, ulikuwa umegeuka kijani ghafla. Euphrasia alirudi asubuhi kutoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Alizima gari. Akakaa kidogo, akamshukuru Mungu, kama anavyofanya kila siku kabla ya kushuka.

Alipofungua mlango alishangaa. Nyasi za uani zilikuwa zimemfika kwenye ugoko.

"Ee Bwana," alinong'ona. "Juzi tu hapa palikuwa peupe kama unga. Nani aliziamsha hizi?"

Lakini furaha yake haikudumu. Aliikumbuka mashine.

Mashine hiyo ya kukata nyasi haikuwa yake. Ilikuwa mali ya jumuiya yao ndogo, familia chache za Watanzania wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba. Waliinunua kwa umoja. Ilizunguka kwao kama ilivyozunguka sala: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na kila mtu aliirudisha kwa adabu. Kwao Bukoba, alikozaliwa Euphrasia, ukiazima kikapu cha jirani hukirudishi kitupu. Utatia hata kahawa za kutafuna, ndipo ukirudishe. Basi kila aliyeazima mashine aliirudisha ikiwa na tangi limejaa petroli pomoni, na juu yake akaiongezea oili kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yao.

Majira ya baridi, mashine ililala kwa Euphrasia. Aliifunika kwa kitenge. Ilikuwa amana.

Sasa Jumamosi jumuiya ingesali uani kwake, kisha mashine ianze safari yake. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Fidelis, dereva mstaafu, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa nyonga. Vijana wa jumuiya walikuwa wameahidi kumkatia nyasi. Mzee alikuwa ameshapiga simu kuuliza, "Mwanangu, mashine haijambo?"

Na Euphrasia alikuwa amejibu, "Haijambo, Mzee," bila kuigusa.

Alimwita mumewe, Silvanus. "Baba Queen, hebu tuijaribu."

Silvanus aliivuta kamba palepale ndani ya gereji. Kimya. Akavuta tena. Mashine ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza.

"Imeamka," alisema Silvanus.

"Hiyo si kuamka. Hiyo ni kukata roho."

"Basi iombee."

"Naiombea. Wewe vuta!"

Alivuta mpaka fulana ikalowa. Gereji ikajaa moshi. Euphrasia alianza kuhisi kichwa kizito. Mara sauti ikasikika kutoka ng'ambo ya barabara.

"Baba Queen! Toeni hiyo kitu nje! Nyinyi pia tokeni!"

Alikuwa Cherono, jirani yao, muuguzi kutoka Kericho, Kenya. Alikuja mbio akiwa bado ameshika kikombe cha chai.

"Moshi wa injini uko na sumu ambayo hainuki," alisema walipofika nje. "Inakulaza usingizi, na huamki. Hata mlango ukiwa wazi, usiwashe injini ndani ya gereji."

Euphrasia alivuta pumzi ndefu. Hewa ya asubuhi ilikuwa tamu kinywani. Alifikiri jinsi mtu anavyopumua mchana kutwa bila kuwaza, na akajipiga ishara ya msalaba.

Silvanus aliiinamisha mashine ili atazame chini. "Labda nyasi za mwaka jana zimeng'ang'ania kwenye kisu," alisema, na akaingiza mkono.

"Mkono!" Cherono alipiga kelele. Silvanus aliuchomoa kama aliyeguswa na moto. "Baba Queen, unahitaji vidole vyako?"

"Mashine si imezima?"

"Imezima, lakini haijafa. Ukisukuma hicho kisu, injini inaweza kuzunguka. Cheche ikitoka, kisu kinaruka na vidole vyako viko hapo." Alionyesha waya mnene mbele ya injini. "Huu ni waya wa plagi. Chomoa kabla ya kugusa kitu chochote chini. Plagi ndiyo inatoa cheche. Hakuna cheche, hakuna kuwaka."

Silvanus aliuchomoa waya, akausogeza mbali na plagi.

Cherono akafungua kifuniko cha tangi. Akanusa, akakunja uso. "Mama Queen, njoo unuse."

Euphrasia akanusa. Haikuwa harufu ya petroli. Ilikuwa chachu, kama rangi ya zamani.

"Hii imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Novemba. Mzee Fidelis ndiye aliyerudisha mwisho. Alijaza mpaka juu, maana ni mtu wa heshima."

Cherono alichomoa kijiti cha kupimia oili. Kina alama mbili: ya chini na ya juu. Oili ilikuwa imepita alama ya juu mbali sana.

"Na hii?"

"Kila mtu huongeza kidogo akirudisha. Ndiyo asante yetu."

Cherono aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Watanzania! Nyinyi mmeua mashini kwa adabu!"

"Na nyinyi Wakenya mngefanyaje?" aliuliza Silvanus.

"Sisi? Tungerudisha bila mafuta, bila kisu, na tuombe nyingine."

Wote walicheka. Lakini Euphrasia aliacha kucheka mapema. "Dada Cherono, niambie kweli. Imekufa? Ni mali ya watu. Nilimwambia Mzee haijambo."

"Haijafa. Imeshiba vibaya. Yangu iliwahi kunifia hivi, nikaingia masomo ya jioni ya injini ndogo. Mwalimu alisema petroli ni kama maziwa, inaharibika. Ikikaa miezi, inaacha utando kama gundi. Na oili ikizidi, inaingia mahali pa kuchomea, inatoa huo moshi mweupe. Leteni glavu, miwani ya kazi, na beseni. Injini lazima iwe baridi, na hakuna moto karibu."

Walisubiri injini ipoe, wakaanza. Silvanus alinyonya petroli ya zamani kwa pampu ndogo ya mkono, akaitia kwenye dumu lake.

"Nimwage wapi? Kwenye mtaro?"

"Huo mtaro unaenda mtoni. Samaki wamekukosea nini? Peleka mahali kaunti inapokusanya taka za sumu. Oili pia."

Kisha wakaiinamisha mashine upande wa mdomo wa oili. Oili ikatoka nyeusi, polepole, ikajaa beseni. Kichujio cha hewa, kile cha karatasi kinachozuia vumbi lisiingie kwenye injini, kilikuwa kimelowa oili. Hakikufaa tena. Plagi nayo ilikuwa nyeusi kama kipande cha mkaa. Silvanus akaenda dukani kutafuta vipya, akiwa na vile vya zamani mfukoni ili asikosee saizi.

Alipokuwa amekwenda, Cherono alimpa Euphrasia spana. "Sasa wewe. Hapa ni kabureta. Ni mahali petroli na hewa zinachanganyika. Funga kwanza mfereji wa mafuta, hii koki ndogo. Haya, fungua hii nati ya chini."

"Mimi?"

"Mikono yako si inafunga vidonda vya wazee? Fungua."

Euphrasia alifungua. Kikombe kidogo cha bati kikatoka, kina utando wa kahawia ndani. Ile nati yenyewe ilikuwa ya shaba, ina tundu katikati.

"Inua juu uangalie jua kupitia hilo tundu," alisema Cherono.

Euphrasia aliinua. "Sioni kitu."

"Hiyo ndiyo shida yako yote."

Walivaa miwani. Cherono alipulizia dawa ya kusafishia kabureta. Euphrasia akapitisha waya laini, mwembamba kama unywele, taratibu, bila kukwangua. Akapulizia tena. Akafuta. Akainua tena.

Safari hii aliona. Nukta moja ya anga. Ndogo kuliko tundu la sindano, lakini ya buluu kabisa.

Alisimama hivyo hivyo, mkono juu. "Mashine yote hii," alisema polepole, "kisu, magurudumu, kelele zote zile, inanyonyea hapa?"

"Hapo hapo. Tone kwa tone."

"Na ikiziba hapa, basi?"

"Basi. Uvute kamba mpaka Krismasi."

Euphrasia aliishusha nati, akaifumbata kiganjani. Alikuwa akimkumbuka bibi mmoja anayemhudumia kazini, ambaye kila asubuhi mirija yake ya hewa ilipaswa kutazamwa isizibe. Alifikiri jinsi uhai unavyopita mahali padogo. *Umetuumba kwa namna ya ajabu, Bwana,* aliomba moyoni. *Na waliotengeneza kitu hiki, wewe ndiye uliyewapa akili.*

"Mama Queen, unaomba ama unalala?"

"Naomba."

"Sawa. Maliza, turudishe nati."

Silvanus alirudi. Waliweka kichujio kipya. Plagi waliifunga kwanza kwa vidole, ndipo wakaikaza kwa spana, bila kuilazimisha. Chini ya mashine walikwangua nyasi zilizoganda kwa kipande cha ubao. Wakatia oili mpya kidogo kidogo, wakipima kwa kijiti, mpaka ikasimama kati ya alama mbili. Petroli mpya Silvanus alitaka kuijaza pomoni.

"Wacha nafasi," alisema Cherono. "Petroli hupanuka kukiwa na joto. Mkono wako nao umezoea adabu!"

Walirudisha waya wa plagi. Wakaokota mawe na vijiti uani, maana kisu hurusha jiwe kama risasi. Euphrasia akavaa viatu vigumu. Alijipiga ishara ya msalaba, akashika kamba.

"Vuta moja tu," alisema Silvanus, "kama unampigia kengele padri."

Alivuta.

Injini ilinguruma. Ilitoa moshi kidogo, kisha hewa ikawa safi, na sauti ikatulia, nzito na sawasawa. Ndege waliruka kwenye uzio. Euphrasia aliusikia mtetemo ukipanda mikononi mpaka mabegani. Alitembea mbele, na nyasi zikalala nyuma yake kwa mstari mnyoofu. Harufu yake ilijaa uani. Alikuwa akilia na kucheka, na hakujali nani anamtazama.

Jumamosi jumuiya ilikaa kwenye nyasi fupi. Baada ya sala Euphrasia alisimama. Kuwaambia wakubwa wake wasirudishe chombo kimejaa ilikuwa kama kuwafundisha utovu wa adabu. Lakini alieleza yote, akawaonyesha plagi nyeusi.

Mzee Fidelis aliegemea fimbo yake. "Kwa hiyo aliyeijaza mpaka ikafurika ni mimi."

"Ni sisi sote, Mzee. Tulifanya kwa upendo."

"Na sasa unataka nirudishe chombo kitupu? Euphrasia! Mama yangu atafufuka."

"Mzee, kikapu hakina kabureta."

Watu waliangua kicheko, na Mzee mwenyewe akacheka zaidi. Wakakubaliana. Wakati wa kukata nyasi, kila nyumba itie petroli mpya ya kutosha kazi yake. Oili ipimwe kabla ya kazi, isiongezwe kwa kukisia, na itolewe na kubadilishwa kila mwaka. Na kabla ya baridi, mwenye zamu ya mwisho aiache injini iwake nje mpaka petroli iishe na izime yenyewe.

Novemba, majani yalipokuwa yakianguka, gari la Mzee Fidelis lilisimama mlangoni. Sasa alitembea bila fimbo. Alishusha mashine, imefutwa safi. Euphrasia alifungua kifuniko cha tangi. Pakavu kabisa.

"Kitupu," alisema Mzee, akitazama pembeni kwa aibu kidogo. "Kama ulivyoagiza."

Lakini kwenye mpini palining'inia kikapu kidogo cha ukindu. Ndani yake mlikuwa na kahawa za kutafuna kutoka Bukoba.

Euphrasia alipiga goti, akakipokea kwa mikono miwili.

Theluji ikaja, ikaenda. Asubuhi moja nyasi za Bowie ziliamka tena. Euphrasia aliitoa mashine nje, akatia petroli mpya, akapima oili. Akavuta kamba, na ikaitika kwa mvuto wa kwanza.