Gunia Jeusi la Fundi Sammy

Kutoka Migori mpaka Mbita, hakuna bomba la moshi ambalo mimi, Sammy, nimelisafisha likarudisha moshi ndani. Waulize wateja wangu. Hadiya tu ndiye hawezi kujibu.

Alikuwa sakafuni bafuni kwao, Homa Bay, amefunikwa kanga mpaka kidevuni. Binti pekee wa Mzee Hemed, mwenye duka la vitambaa. Midomo yake ilikuwa myekundu kupita kawaida.

Inspekta Mniko alichutama kando ya maiti. "Jeraha?"

"Hakuna, afande," akajibu daktari wa polisi. "Ni hewa ya sumu ya moto. Kaboni monoksaidi."

Wote tukaitazama boila ya kuni pale pembeni, na bomba lake lililotoboa dari.

"Nani aliwasha?"

Konstebo akamsukuma mbele Marcella, mpishi, mikono ndani ya pingu.

"Ni mimi, afande. Kama kila siku."

"Na dirisha?"

"Leo nililifunga. Hadiya alikuwa na mafua."

"Ukawasha, ukafunga. Mama, unajua watu hunyongwa kwa kosa la kuua?"

Marcella akatikisa kichwa. Machozi yakamshuka, hakuweza kuyafuta.

Mniko akanigeukia. "Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi mwenyewe, afande. Madaktari wa mabomba wako wengi, mimi ni profesa."

"Jibu swali. Ulisafisha lini?"

"Juzi. Na Mzee Hemed alikagua."

Ukaguzi wa kazi yetu ni rahisi. Fundi hufunga gunia kwenye ncha ya ufito, hupanda paani, hulisukuma bombani mpaka chini. Kisha humwonyesha mwenye nyumba. Gunia likitoka jeusi, kazi imefanyika.

"Lilikuwa jeusi tititi," Mzee Hemed akasema. Sauti yake haikuwa na mtu ndani. "Nikampa mkono."

Konstebo alipanda paani. Tulimsikia akikwaruza. Akashuka na kiota kikubwa cha nyasi na manyoya, kimegandamana kwa masizi.

"Ndege wa ziwani ni wajenzi, afande," nikadakia. "Siku mbili, ghorofa tayari."

Hakuna aliyecheka. Mniko alikivunja kile kiota. Masizi yalikuwa katikati ya nyasi, matabaka kwa matabaka.

"Hiki ni cha miezi. Hakuna gunia lililopita humu. Sasa niambie, gunia lako lilipata wapi weusi?"

"Labda lilipita pembeni..."

"Panda utuonyeshe lilipopita."

Nikashika ngazi. Kipago cha kwanza. Cha pili. Cha tatu nikaikumbatia ngazi kama mama yangu.

"Shuka," Mniko akasema taratibu.

Ndipo Marcella akainua kichwa.

"Afande, twende jikoni."

Jikoni sufuria zake zilikuwa zimepangwa kwenye kichanja, matako juu. Zilizopikiwa kuni miaka yote. Zote ziling'aa.

"Juzi nilikuwa sokoni Rangwe. Niliziacha nyeusi, nikazikuta hivi; tangu hapo napikia makaa, nisizichafue."

Mniko akapitisha kidole. Kikatoka safi. Akanitazama.

"Nilizisugua kwa gunia," nikasema.

"Kwa nini?"

"Naogopa juu. Nilikuwa nimejisifu mbele ya Hadiya. Angenicheka."

"Kwa hiyo mama huyu angenyongwa, wewe ukituchekesha?"

Mniko akamfungua Marcella pingu, akanivalisha. Bado zilikuwa na joto la mikono yake.

"Hakuna aliyeniona," nikanong'ona. Sijui nilikuwa namwambia nani.

"Hadiya alikuona," Marcella akasema. "Nilidhani yeye ndiye amenisugulia, nikamwambia asante, nyathina, mwanangu. Akacheka. Akasema, 'Si mimi. Ni yule fundi, nimemchungulia dirishani. Atarudi kumalizia bomba akipata moyo. Tafadhali, mama, usimcheke.' Nilifikiri ni utani wa vijana."

Mzee Hemed akaketi chini, palepale katikati ya sufuria.