Uji wa Dudu la Ukutani

Baba Chiriku alikuwa kinyozi. Alinyolea watu katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mashine imechomekwa kwenye soketi ya chini ukutani. Bintiye wa miaka minne alikuwa haishiwi maswali, ndiyo maana wakambandika jina la Chiriku.

"Baba, mle kwenye matundu mna nini?"

Baba alikuwa na mteja. Akaona ayakate maneno. "Mna dudu. Linauma. Usiliguse."

Kesho yake asubuhi baba aligeuka kuchukua taulo. Akamwona Chiriku amechuchumaa mbele ya soketi, mkononi kijiko cha chuma kimejaa uji.

"Fungua mdomo," mtoto alikuwa akibembeleza. "Ni wa sukari."

Baba alimrukia, akamnyakua. Uji ukamwagikia kichwani mwa mteja, tena upande uliokwisha kunyolewa.

"Lina njaa!" Chiriku akalia. "Mnalifungia tu, hamlipi chakula."

Baba akakaa chini. Nusura ampoteze mwanawe, na chanzo ni uongo wake mwenyewe. Akampigia simu dada yake, fundi umeme.

Shangazi alipofika na kukisikia kisa, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akakunja uso. "Kaka, mwambie mtoto ukweli. Ataelewa."

Akamgeukia Chiriku. "Mwanangu, humo hamna dudu. Mna umeme. Ndio unaowasha taa na mashine ya baba. Ukichomeka kijiko, msumari au kidole, umeme unaingia mwilini. Unaweza kukuua."

"Hata nikiomba msamaha?"

"Hausikii. Tena hupita upesi kwenye maji. Usishike plagi wala swichi kwa mikono yenye maji. Ukiona waya umechubuka, usiuguse. Ita mkubwa."

Shangazi akazima swichi kuu, akaihamishia soketi juu. Nyingine akazitia vifuniko.

Wiki iliyofuata baba alimwosha mteja kichwa, kisha akanyoosha mkono kuchomeka mashine.

"Baba," Chiriku akaita.

"Nini tena, mama?"

"Mikono."

Baba akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vinachuruzika maji, na plagi imeshakaribia tundu. Akachukua taulo, akajifuta taratibu, binti yake amesimama anakagua.

"Na hapo katikati ya vidole," akasema Chiriku.

Baba akapafuta.