Nilificha Uso wa Shangazi, Nikasahau Kitenge

Nilipata alama A kwa picha iliyomfanya mwanamke aliyenilea aikimbie nyumba yake mchana kweupe, ugali ukiwa bado jikoni... Picha hiyo niliipiga mimi!

Nina umri wa miaka ishirini na minne. Ni mzaliwa wa Tunduma, mkoani Songwe, na nasomea mawasiliano ya umma katika chuo kikuu kimoja ambacho sitakitaja. Naomba na jina langu lihifadhiwe. Nitayaeleza yote kwa mpangilio, kama yalivyotokea, ili msomaji anihukumu akiwa na ukweli mkononi.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa utingo wa malori, leo yuko Lusaka, kesho yuko Dar es Salaam. Aliyenichukua ni dada yake, nitamwita Shangazi Oliva. Hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Alikuwa akinishika kichwa mbele ya wenzake sokoni na kusema, “Huyu ndiye kifungua mimba wangu, na ndiye kitinda mimba.”

Shangazi alikuwa akivusha sukari kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Wageni wakisikia neno mpaka hufikiria geti na bendera. Kwetu mpaka ni uchochoro. Zipo nyumba ambazo ukimwaga maji ya kuoshea vyombo yanaingia nchi nyingine! Shangazi alipita humo, mfuko wa sukari ukiwa mgongoni, ameufunga kwa kitenge kama mama aliyebeba mtoto. Haikuwa halali, najua. Lakini sare zangu za shule, madaftari yangu, hata sanduku nililokwenda nalo chuo, vyote vilitoka kwenye sukari hiyo.

Mwaka wa pili tulianza somo la nadharia na vitendo vya mitandao ya kijamii. Nililipenda kupita kiasi. Tulijifunza jinsi habari inavyotoka kwa mtu mmoja na kufika kwa watu asiowajua, na kwa nini picha moja husambaa na nyingine hufa. Kisha likaja zoezi. Kila mmoja afungue ukurasa, aweke jambo moja la nyumbani kwao, alifuatilie kwa siku kumi na nne, kisha aandike ripoti.

“Msiniletee picha za machweo,” mhadhiri alituambia. “Nataka kitu kitakachokisimamisha kidole cha mtu kwenye simu.” Akaongeza kanuni moja: mtu mnyonge afichwe uso.

Nikarudi nyumbani likizo na kanuni hiyo kichwani.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikamwona Shangazi akija uchochoroni, ameinama kidogo, mkono mmoja nyuma akiupigapiga mzigo kama anayembembeleza mtoto. Nikapiga picha. Nikaufuta uso wake kwa uangalifu mkubwa, hata hereni hazikuonekana. Nikaandika chini yake: “Mtoto huyu halii kamwe.” Sikuweka jina langu. Sikuweka jina lake. Nikabonyeza.

Nikasahau kitenge!

Harusi ikifanyika katika ukoo wetu, mashangazi wote hushona kitenge kimoja. Cha binamu yangu, aliyeolewa Mlowo, kilikuwa cha zambarau chenye michoro ya funguo za njano. Mashangazi saba waliingia ukumbini wamekivaa, wakicheza, watu wakasimama kwenye viti. Sita kati yao wanaishi Iyula na Itaka kwenye mashamba ya kahawa. Wa Tunduma ni mmoja tu, na Jumanne ile alifungia sukari kitenge hicho.

Kwetu mtu hatambuliwi kwa uso peke yake. Kitenge kinasema ni harusi ya nani, ni ukoo gani, ni upande wa mashangazi au wa mama wadogo. Nimekulia humo! Nilisahauje? Nilisahau kwa sababu chuo kiliniambia nifiche uso, na mimi nikadhani chuo kinaijua Tunduma kuliko mimi.

Kufikia jioni picha ilikuwa imefika Dar es Salaam na Lusaka. Nilifurahi, sitadanganya.

Siku ya pili yalikuwa mambo ya kuchekesha. Mama Jofre, muuza dagaa aliyepanga meza jirani na Shangazi, alimpokea kwa sauti. “We Oliva! Mwanao ameota meno?”

“Ameota, na leo nimemleta ale dagaa wako!” Shangazi akamjibu. Soko zima likacheka. Na mimi nikacheka...

Siku ya nne maoni yakabadilika. Watu wasiowahi kufika Tunduma walianza kuuliza askari wa mpakani wanafanya kazi gani. Siku ya sita askari wakatanda vichochoroni. Hawakukagua mifuko. Walisimamisha kila mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kumwamuru afungue kitenge! Mama mmoja alifunguliwa mtoto mwenye homa, na manyunyu yanaanguka. Nilikuwepo. Mtoto yule alilia mpaka sauti ikakauka.

Kuanzia hapo hakuna aliyecheka. Mama Jofre yule yule alisogeza meza yake mbali. “Oliva, watoto wetu wanavuliwa migongoni kama magunia kwa ajili yako,” alimwambia. Wengine walimpa kisogo. Waliacha tu kumsalimia, na kwa mwanamke wa sokoni hiyo ni adhabu kubwa kuliko matusi.

Siku ya tisa Shangazi aliniita, tukakaa kwenye mkeka. Alikuwa amekonda usoni.

“Mwanangu, wewe ndiye unayesoma mambo haya ya mitandao,” aliniambia. “Hebu nitafutie aliyenipiga picha. Simfanyi kitu. Nataka tu nimuulize nimemkosea nini.”

Ndugu msomaji, simu ilikuwa mkononi mwangu. Kufuta ilikuwa ni kugusa mara moja. Kukiri ilikuwa ni maneno mawili. Unajua nilisema nini?

“Nitamtafuta, Shangazi.”

Ripoti yangu ilihitaji siku kumi na nne, na zilikuwa zimebaki tano. Nikajiambia kwamba kufuta hakutasaidia, picha imekwisha kusambaa. Ilikuwa kweli. Lakini haikuwa sababu yangu!

Siku ya kumi na moja, saa saba mchana, jirani aliingia mbio bila kubisha hodi. “Oliva, wanakuja! Wameshika simu, wanamuulizia mama wa kitenge cha funguo!”

Shangazi alikuwa anasonga ugali. Aliuacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akatoka mlango wa nyuma, peku. Hatua chache tu uchochoroni... na alikuwa Zambia.

Askari wawili walinikuta nimesimama katikati ya chumba. Mmoja alinionyesha picha niliyoipiga mwenyewe. “Unamjua mwenye kitenge hiki?”

“Simjui, afande.”

Akatazama nje, kwenye kamba ya nguo, akatabasamu. “Humjui. Na ile kamba ni ya kwenu au ya serikali?”

Kitenge cha zambarau kilikuwa kinakauka juani. Walikianua wakaondoka nacho. Ugali ukaungua, na sikukumbuka kuuepua.

Picha niliifuta siku ya kumi na tano. Ndiyo... ya kumi na tano! Baada ya kukamilisha majedwali ya ripoti.

Mhadhiri aliisoma ripoti yangu mbele ya darasa. Alisifu nilivyoulinda utu wa mhusika. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nikajifungia chooni.

Likizo iliyofuata nilimweleza Baba. Akasema, “Mimi usiniambie. Sikufukuzwa mimi.”

Nikavuka kwenda Nakonde. Nilimkuta Shangazi kwenye baraza la ndugu yetu wa mbali, anakaanga vitumbua, wateja wanamwita bamayo kama wanavyowaita akina mama wa huko. Nilipiga magoti nikasema yote, tangu Jumanne ile hadi siku ya kumi na tano. Hakuniangalia. Aliendelea kugeuza vitumbua kimoja kimoja mpaka vyote vikaiva.

“Kwa hiyo siku ile naongea na wewe mkekani, nilikuwa naongea naye?”

“Ndiyo, Shangazi.”

“Na chuo walikupa nini?”

“A.”

“Hongera,” akasema.

Kisha akanifungia vitumbua kwenye gazeti nile njiani, akaendelea na kazi.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaosoma masomo kama yangu, nawasihi. Kabla hujabonyeza, usijiulize wangapi wataiona. Jiulize ni nani nyumbani atamtambua mtu huyo, kwa nguo, kwa mwendo, hata kwa mlango aliosimama karibu nao. Kanuni za darasani ni nzuri, lakini walioziandika hawajakaa sokoni kwenu. Na ukishakosea, kiri siku hiyo hiyo! Ungoje ripoti? Ungoje majedwali? Mimi nilingoja, na siku zile tano ndizo zinazonitafuna kuliko picha yenyewe. Naamini Shangazi angeweza kusamehe kosa la kidole. Sijui kama mtu anaweza kusamehe kuambiwa “nitamtafuta” na yule anayemtafuta.

Simtetei juu ya sukari. Lakini askari hawaji tena, na vichochoro vimerudi kama zamani. Wanawake wanapita na mizigo yao kila asubuhi.

Baba amevuka mara mbili kumwomba Shangazi arudi. Mara ya kwanza Shangazi alimkaribisha chai. Mara ya pili alimuuliza bei ya mahindi Mlowo. Hajasema atarudi. Hajasema hatarudi.