Kwanza Tuone Mama Yake

Kila asubuhi, kabla ukungu haujatoka juu ya majani ya chai, Robert na mke wake Chepngeno huomba pamoja jikoni. Kisha hubeba vikapu na kwenda kuchuma. Binti yao Winny huenda shule. Nyumbani hubaki Kogo, mama yake Robert. Kogo maana yake ni nyanya, na kijiji kizima humwita hivyo. Macho yake yamefifia. Anaona mwanga na vivuli, lakini hatambui uso wa mtu.

Siku moja mchana, mtu aliingia langoni.

"Chamgei, Kogo!" alisalimia kwa upole.

"Chamgei mising, mwanangu," Kogo alijibu. "Karibu. Watu wameenda kuchuma majani."

Mtu huyo alikaribia kweli. Alichukua kuku watano na mtungi wa maziwa. Akaaga vizuri, akaenda zake.

Jioni Kogo alilia. "Nimemkaribisha mwizi kwa mdomo wangu," alisema. "Hata nimemwambia Mungu amlinde njiani!"

Robert hakucheka. "Leo ni kuku," alimwambia mke wake. "Kesho atarudi kwa ng'ombe. Na mama akimshika shati, atamsukuma chini. Tunahitaji mbwa."

Siku ya soko, Robert alienda Mulot. Kando ya barabara alimkuta mtu mwenye katoni. Ndani kulikuwa na watoto wanne wa mbwa. Robert alichagua mwenye tumbo kubwa.

"Angalia huyu," alisema alipofika nyumbani. "Ameshiba!"

Winny alifurahi sana. Alikaa naye kwenye nyasi mpaka giza likaingia.

Siku ya tatu yule mbwa mdogo alikataa maziwa. Siku ya nne alitapika na kuhara damu. Siku ya tano alikufa, kabla Winny hajampa jina. Robert alimzika nyuma ya zizi. Winny alikataa chakula. Kogo aliuliza, "Sasa nani atanisaidia kuona?"

Kesho yake Robert na Chepngeno walienda sentani, kwenye maduka, kwa Mama Wakonyo. Mama Wakonyo huuza dawa za mifugo, na alisomea kazi hiyo. Alikuja hapa kutoka Nyeri akiwa msichana. Leo huongea Kipsigis kwa haraka kiasi kwamba wazee humwambia apunguze mwendo.

"Mama ya huyo mbwa mlimwona?" aliuliza.

"Hapana," Robert alijibu. "Alikuwa kwa katoni."

"Alizaliwa lini?"

"Sijui."

"Alipewa chanjo?"

"Yule mtu alisema yuko sawa."

Mama Wakonyo aliweka kalamu chini. "Baba Winny, ile mtamba yako ya mwaka jana, ulinunuaje?"

Robert alisimama wima. Hadithi hiyo huipenda sana. "Hiyo? Nilienda kwa mwenyewe mara tatu! Niliamka saa kumi na moja nikaona mama yake akikamuliwa. Niliangalia kiwele, miguu, hata zizi. Niliuliza majirani."

"Na mtu akikuletea mtamba ndani ya katoni, hapo barabarani?"

Chepngeno aliangua kicheko. "Huyu? Hata apewe bure atakataa!"

Robert aliinamisha kichwa. "Lakini hiyo ilikuwa mbwa tu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mungu aliumba wote wawili," Mama Wakonyo alisema. "Na wewe tayari unajua kununua. Umesahau tu kutumia akili hiyo kwa mbwa. Nenda mpaka nyumbani kwa mfugaji. Kwanza uone mama yake. Je, ana afya? Ni mpole kwa watu wake? Mahali pa kulala ni pasafi? Usichukue mtoto wa mbwa kabla hajamaliza wiki nane na mama yake. Na ile tumbo kubwa haikuwa shibe. Mara nyingi hiyo ni minyoo."

"Na ile damu?" Chepngeno aliuliza.

"Nadhani ni parvo. Ugonjwa huo huua mbwa wadogo haraka. Chanjo huuzuia. Omba kadi ya chanjo, na uisome."

Chepngeno alitabasamu. Yeye huenda masomo ya jioni kanisani, pamoja na watu wazima wengine. Miaka miwili iliyopita hakuweza kusoma hata jina lake.

Wiki hiyo Robert alipata namba ya mtu mwingine anayeuza mbwa. Mtu huyo alituma picha ya kadi kwa simu.

"Tarehe ya chanjo ni tano Januari," Chepngeno alisoma polepole, kidole kikifuata maandishi. "Muulize walizaliwa lini."

Robert alipiga simu. "Mwanzo wa Februari," mtu alijibu.

"Ati nini?" Chepngeno alisema. "Walichanjwa wakiwa bado tumboni?"

Robert alijikaza asicheke. "Tunaweza kuja kwako tuone mama yao?" aliuliza.

"Hakuna haja. Tukutane stendi, nitakuletea."

"Asante, ndugu. Stendi hakuna zizi," Robert alisema, akakata simu.

Mama Wakonyo aliwaelekeza kwa Janeffer, mkulima wa chai anayefuga mbwa karibu na Mogogosiek. Walipofika, mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia alikuja kuwanusa, kisha akarudi kwa watoto wake watano. Sakafu ilikuwa kavu. Maji yalikuwa safi. Robert alichuchumaa. Alitazama macho, meno, masikio na miguu, kama anavyotazama ndama.

"Huyu mama huzaa mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja kwa mwaka, na kuna mwaka anapumzika," Janeffer alisema. "Si mashine."

Chepngeno alisoma kadi. Tarehe ya kuzaliwa, tarehe za dawa ya minyoo, tarehe ya chanjo, sahihi ya daktari wa mifugo. Kila kitu kilifuatana. Alisoma mara mbili, kwa sababu ya raha.

"Tumempenda huyu wa kike," Robert alisema. "Tumchukue leo?"

"Ngojeni," Janeffer alisema. "Mmewahi kuwa na mbwa?"

Robert angeweza kunyamaza. Lakini alisema ukweli wote, mpaka ile damu.

"Basi hamtamchukua leo," Janeffer alisema.

"Lakini wiki nane zimeisha!" Robert alisema. "Mama yangu anakaa peke yake!"

"Pole, kaka. Ugonjwa huo hubaki kwa udongo miezi mingi. Huyu amepata chanjo ya kwanza tu. Zimebaki nyingine, mpaka afikishe miezi minne. Nikimtoa leo, mtamzika pia. Atakaa hapa amalize, pamoja na ya kichaa cha mbwa. Nyinyi osheni sakafu na vyombo kwa maji ya jiki, ile dawa ya kuua viini. Na mniletee shuka kuukuu ya mama yenu, alalie, ajue harufu yake."

Robert alimtazama Chepngeno. Hawakuwa wamewahi kuona muuzaji anayekataa kuuza.

"Na mkishindwa naye," Janeffer aliongeza, "mrudisheni kwangu. Msimtupe barabarani."

Njiani Robert alisema, "Huyo mama amenichunguza kuliko nilivyomchunguza mbwa wake. Mungu ambariki."

Walingoja wiki nane. Wakati wa kuchuma majani, majirani walikuja kukaa na Kogo kwa zamu. Kila Jumapili baada ya ibada, Winny alienda na baba yake kumwona mbwa. Mwishowe walimleta nyumbani, na shuka ile ile. Mbwa alimnusa Kogo miguuni, akazunguka mara mbili, akalala hapo. Kogo alimpapasa kichwa.

"Huyu ananijua," alisema. "Aitwe Taa."

Taa alikua vizuri. Miezi ikapita. Siku moja mchana, sauti ya upole ilitoka langoni.

"Chamgei, Kogo!"

Kogo alifungua mdomo, kisha akaufunga. Taa alikuwa amesimama mbele yake, akibweka kwa nguvu. Hatua zilirudi nyuma haraka, mpaka zikapotea barabarani.

Jioni Kogo aliwahesabu kuku kwa mikono, mmoja mmoja. Wote walikuwepo. Wakaomba pamoja, na safari hii Kogo ndiye aliyeongoza.

Ukifika kwao siku hizi, usishangae Kogo akichelewa kukujibu. Anasubiri Taa aseme kwanza.