Tupa Isiyoinuliwa

Bisibisi inayotosha huujaza mfuo wa skrubu kama mguu ujazavyo kiatu chake. Ikipungua hata kidogo huteleza na kuurarua uso wa skrubu. Ndiyo maana fundi wa bunduki hana bisibisi moja. Huzichonga nyingi, kila moja na skrubu yake. Fundi mmoja mwanamke alifundishwa hivyo na marehemu baba yake, akairithi karakana pamoja na ukali wake. Kwa hiyo siku aliporudi kutoka kula, akaikuta skrubu ya bunduki ya askari wa mbuga imetafunwa kama muwa, damu ilimpanda kichwani.

"Haraka! We Haraka!"

Haraka alikuwa mdogo wake, mtu mzima mwenye mke, na jina hilo alilipata kwa kazi zake za pupa. Alitokea mlangoni akijifuta mafuta mikononi.

"Umetumia bisibisi gani hapa?"

"Sijaigusa, dada. Sanduku la bisibisi umelifunga mwenyewe, na ufunguo uko shingoni mwako."

"Basi skrubu imejitafuna. Ina meno, siyo?"

"Dada, nisikilize. Ile tupa niliyoinunua kwa yule mjane wa fundi, nilitaka kukuambia kwamba..."

"Kila siku unataka kuniambia! Mdomo mrefu, mikono mifupi! Toka, kabla sijakuvunja!"

Haraka akatoka. Ndivyo ilivyokuwa tangu baba yao afariki: sentensi za Haraka zilikuwa nyumba zisizoezekwa.

Fundi akaubamiza mlango. Akalibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, jino la kifyatulio, kile kichuma kidogo kinachoizuia bunduki isilie mpaka kidole kiamue. Lilihitaji kusuguliwa kidogo tu. Akachukua ile tupa ya mjane ya kusugulia chuma, aliyokuwa akiitumia wiki nzima, maana pamoja na yote ilikuwa tupa nzuri, nzito kiasi, yenye mpini uliozoea kiganja. Tupa hukata ikienda. Ikirudi huinuliwa, kwa sababu kuiburuza ni kuyaua meno yake na kuiharibu kazi. Hata anayeanza kujifunza hulijua hilo. Alisugua kidogo, akaiweka mezani, akakaa akiitazama skrubu iliyotafunwa na kumtukana mdogo wake moyoni.

Ndipo akaisikia.

Kwaru-kwaru. Kwaru-kwaru. Mtu alikuwa anasugua chuma bila kuinua tupa.

"Haraka?"

Harufu ya mafuta yaliyoungua ikamjia puani, kisha harufu ya nywele zilizoungua. Aligeuka nyuma asione mtu, akatazama dirishani asione mtu, na sauti ile ikazidi kwenda mbio, kwaru-kwaru-kwaru, ikasikika ukutani na chini ya meza na ndani ya meno yake mwenyewe, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokasirika, na kadiri alivyokasirika ndivyo ilivyosugua kwa nguvu, mpaka mlango ukafunguliwa na wifi yake, mke wa Haraka, akasimama kizingitini amekauka kama kuni.

"Wifi," alinong'ona. "Iweke chini."

"Niweke nini?"

"Hiyo tupa."

Fundi akainamisha macho. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakwenda na kurudi juu ya jiliwa, peke yake, umejaa unga wa chuma hadi kwenye kifundo, vidole vinachuruzika damu naye hasikii maumivu. Jino la kifyatulio lilikuwa limebaki jembamba kama ukucha. Bunduki ya namna hiyo hulia mtu akikohoa tu, na wa kuzijaribu bunduki kabla wenyewe hawajazichukua alikuwa Haraka.

"Na kabla hujaenda kula nilikuona dirishani," wifi alisema. "Ulikuwa unaikandamiza skrubu kwa bisibisi pana. Nikakusalimia, hukuitika."

Mganga aliitwa jioni ileile. Alifukiza ubani, kisha kabla ya kusoma chochote akamgeukia Haraka, maana alikuwa amesimuliwa ugomvi wa mchana. "Ulitaka kumwambia nini dada yako?"

Haraka alimtazama dada yake kwanza, akingoja kukatizwa. "Mjane alisema tupa hii asipewe mtu mwenye hasira. Mume wake aliishika siku amegombana na mwanawe. Bunduki aliyoitengeneza siku hiyo ndiyo iliyomuua mwanawe."

"Mbona hukusema?" fundi alilia.

"Nilianza mara ngapi, dada?"

Mganga akamshika fundi kichwa. "Wewe uliye humu, umeingiaje nyumba ya watu?"

Kicheko kizito kikatoka kinywani mwa fundi, cha mwanamume. "Sikuingia, niliitwa. Kila asubuhi huyu huniita kwa hasira, kwa jina la mdogo wake."

Mganga alisoma mpaka jasho likamlowesha. Tupa ikapigwa nyundo, ikakatika kama kigae, vipande vikazikwa mbali. Fundi alizimia. Alipozinduka akamwomba mdogo wake radhi mbele ya mkewe.

Wakaanza upya. Haraka alipewa jiliwa na tupa mpya, naye fundi akakaa kwenye kigoda akimwelekeza. Kwaru. Kimya. Kwaru. Kimya. Tupa ilikuwa inainuliwa vizuri, naye fundi akatabasamu.

Kisha Haraka akashika bisibisi, ikateleza, na skrubu ikararuka.

"Samahani, dada. Nimechukua nyembamba kwa sababu..." Akanyamaza kwa mazoea.

Kitu cha moto kilimpanda fundi kooni. Akakimeza. "Sema, mdogo wangu. Maliza."

Haraka akaeleza, taratibu, kama mtu aliyepewa kiti kwa mara ya kwanza. Katikati ya maneno akanusa hewa. Mafuta yaliyoungua. Kisha nywele.

"Dada," alinong'ona. "Mkono wako."

Juu ya goti, mkono mtupu wa fundi ulikuwa unasugua khanga yake, unakwenda na kurudi, bila kuinuka.

"Maliza," ilisema sauti nzito kinywani mwake. "Nakusikiliza."