Mzee Kikohozi wa Stoo

Kila jioni mama alipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akaketi kwenye stuli ya jikoni na kunyoosha miguu yake iliyovimba. Alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi, na kutwa nzima alisimama mbele ya mvuke. Chiriku, binti yake wa miaka kumi na miwili, alimpa maji ya kunywa, kisha akapakua chakula. Kitinda, mdogo wake wa miaka sita, ndiye aliyeleta ndara. Ndivyo walivyoishi watatu hao, na hakuna aliyelalamika.

Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili alikuwa amewafundisha kutunga hadithi za kutisha. "Msikimbilie kuleta zimwi," alisema. "Zimwi la haraka huchekesha. Anzeni na mahali. Msomaji auogope mlango kabla hajajua nani yuko nyuma yake. Halafu simulieni polepole, na mengine msiyaseme kabisa."

Chiriku alitaka kujaribu, na wa kumjaribia hakuwa mbali. Mwisho wa ukumbi wao mwembamba, mkabala na choo, palikuwa na stoo. Dirisha lake lilizibwa kwa gunia, na ndani mlipita bomba la maji. Basi alimketisha Kitinda, akashusha sauti. Akamweleza unyevu unaopanda ukutani, na gunia linalovuta pumzi upepo ukivuma. Akaukodolea mlango macho.

"Halafu," akanong'ona, "kuna mzee. Hatoki. Anakohoa tu."

Papo hapo maji yaliyokatika tangu asubuhi yakarudi, na bomba likakohoa. Kitinda alitoka mbio hata ndara moja akaiacha. Chiriku alicheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko hicho hakikudumu. Tangu siku hiyo Kitinda, akimwogopa Mzee Kikohozi, kama alivyomwita, alihamia kitandani kwa mama. Alirusha mateke usingizini, akashtuka, akamwamsha mama ampeleke choo, na baada ya muda akamwamsha tena. Mama akawa anakwenda kazini macho mekundu. Jioni moja aliingia hata bila kuvua viatu mlangoni. Alikuwa amesinzia wima kazini, pasi ikaunguza shuka la mteja.

"Bosi kasema nikirudia nitafute kazi kwingine," alisema hatimaye, akiitazama sahani bila kula.

Chiriku alirudisha tonge sahanini. "Mama, ni mimi. Huyo Mzee Kikohozi nilimtunga mimi."

Mama alimtazama. Hata nguvu ya kugomba hakuwa nayo. "Basi aliyemjenga ndiye atakayembomoa. Mimi, mwanangu, nimechoka."

Kesho yake, baada ya shule, Chiriku alimwita mdogo wake. "Hakuna mzee yeyote. Nilikudanganya."

"Unasema hivyo ili asikudhuru," Kitinda alijibu, macho yake kwenye mlango wa stoo.

Chiriku aliapa, akabembeleza, akakasirika. Wapi! Uongo wake ulikuwa na ukuta, mlango na sauti. Ukweli wake ulikuwa maneno matupu. Aliketi sakafuni, akaona aibu kwa jinsi alivyocheka.

Mwisho akakumbuka: anzeni na mahali. Aliingia stoo peke yake na, tusifichane, hofu ya hadithi yake mwenyewe ilimtambaa mgongoni. Alilivuta gunia, mwanga ukaingia. Akafagia, akafuta ukungu ukutani, na mlango akauacha wazi kabisa. Kisha aliketi kizingitini na kipande cha mkate, akaanza kusimulia kwa sauti yake ya kila siku, ile inayowachosha majirani. Kitinda alisogea kwanza kwa ajili ya mkate, halafu kwa ajili ya hadithi.

"Maji yanatoka mbali," Chiriku alisema. "Yanapanda kilima, yanapita chini ya barabara, yanafika kwetu yanahema. Shika hapa."

Kitinda alinyoosha mkono ndani, akaweka kiganja kwenye bomba. Maji yalikuwa yamekatika tena; koki ya bomba ilikuwa wazi, ndoo chini yake. Wakangoja mpaka mkate ukaisha. Mara bomba likatetemeka, likakohoa, na maji yakamwagika ndooni. Kitinda alishtuka, lakini mkono hakuuondoa.

"Kumbe ni maji!" Akawaza kidogo. "Yamechoka. Kama mama."

Machozi yalimlengalenga Chiriku, akajifanya anasogeza ndoo.

Usiku huo Kitinda alilala kitandani kwake, na usiku uliofuata pia. Siku ya mapumziko mama alijilaza mchana, akamwita Chiriku akae karibu naye.

"Kipaji chako sikichukii," alisema. "Ila ukimwingiza mtu gizani kwa maneno yako, jua kwamba umemshika mkono. Usimwache humo ukakaa pembeni kucheka. Na ukikosea, usiseme tu samahani. Ingia umtoe, kama ulivyofanya."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Haya, nisimulie na mimi moja. Ya kulalia."

Chiriku alishusha sauti. Akaanza na chumba chenye dirisha wazi na pazia jeupe, na kitanda kilichotandikwa tayari na mtu mwingine, kikimngoja mtu aliyesimama kutwa nzima. Kabla hajafika kwenye jina la mwenye kitanda, mama alikuwa amelala.