Jina la Mfanyakazi

Walipofika Mikumi, jua lilikuwa limekaribia kabisa milima. Malori yalishaanza kupanga foleni kando ya barabara kuu, na madereva na matingo wao walikuwa wakishuka kunyoosha miguu na kutafuta chakula. Yusta aliteremka kwenye pikipiki, akajikung'uta vumbi la njia yote ya kutoka Kilosa, kisha akamwambia mumewe kwamba hapendi kununua kitu wakati wa magharibi kwa mtu asiyemfahamu.

Cleopa alicheka tu. Yeye ni fundi wa redio na simu pale Kilosa, karibu na stesheni, na mwaka mzima alikuwa na wazo moja kichwani: kujenga nyumbani kwao mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Alimweleza mkewe mara nyingi, bila kuchoka. Kompyuta inapewa mahesabu magumu. Inayafanya mchana na usiku. Mtandao nao unailipa kidogo kidogo, kwa sarafu isiyoshikika mkononi. Wanaofanya kazi hasa, alisema, ni kadi za grafiksi, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Na anayezilisha umeme ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachochomekwa ukutani.

Sasa alikuwa amepata mtu wa Mikumi anayeuza vyote viwili, vilivyotumika, kwa bei ambayo haikuwa ya kawaida. Hapo ndipo moyo wa Yusta ulipokataa. Akaamua kufuatana naye.

Chumba kilikuwa nyuma ya gesti moja. Hakikuwa na dirisha. Mtu aliyewafungulia mlango alikuwa wa makamo, msafi, shati jeupe limenyooshwa pasi. Walimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba taratibu sana, huku akitazama nyuma yao, kana kwamba anahesabu nani mwingine amekuja.

Nyuma yao hapakuwa na mtu.

Cleopa hakuwa mtu wa kudanganywa kwenye vifaa. Mezani kulikuwa na pawa saplai tatu. Ya kwanza ilikuwa na maandishi ya kung'aa, wati elfu moja. Akaiinua, akairudisha. Nyepesi mno, alimwambia Yusta kwa sauti ya chini. Ndani humo hakuna shaba ya kutosha, ni bati na maneno. Ya pili ilikuwa na waya wa kuunganisha kadi mbili kwenye mzizi mmoja, na waya wa namna hiyo huyeyuka. Ya tatu ilikuwa nzito. Ilikuwa na waya wake kwa kila kadi, na wati mia saba na hamsini, zaidi ya mahitaji, kama inavyotakiwa. Akaikubali.

Yusta akaigusa. Ilikuwa na joto.

"Mbona ya moto na haijachomekwa?" aliuliza.

"Jua la mchana," alijibu yule mtu.

Yusta akatazama kuta zisizo na dirisha.

Kadi zilikuwa tatu, kila moja ina gigabaiti nane. Cleopa alizungusha feni kwa kidole, akasikiliza. Alimulika kwa tochi ya simu, akatafuta alama ya kuungua. Akanusa. Kadi iliyochoshwa hunuka plastiki, alikuwa amemfundisha mkewe hivyo. Hizi hazikunuka plastiki. Yusta naye alisogea akanusa, na ile harufu aliijua kutoka saluni: nywele zilizopitishwa kwenye moto.

Mgongoni mwa kila kadi palikuwa na kipande cha plasta nyeupe chenye jina. Oliver. Devota. Kelvin.

"Hawa ni akina nani?"

"Waliofanya nazo kazi," alisema yule mtu, kwa kunong'ona, kama tunavyonong'ona penye mtoto aliyelala.

"Sasa wako wapi?"

"Wamepumzika, mama."

Cleopa alidhani wanazungumzia mafundi. Akafunga vitu vyake kwenye boksi, akashukuru. Walipokuwa mlangoni yule mtu alimshika mkono Cleopa, akamwambia neno moja la mwisho. Mashine itauliza jina la mfanyakazi. Asiache wazi.

* * *

Nyumbani kwao hakuna kitu kisicho na jina la Lea. Kibao cha duka kimeandikwa Lea Elektroniki. Cherehani ya Yusta, anayoshonea sare za shule, ina herufi hizo tatu kwa rangi nyekundu. Hata bampa la nyuma la pikipiki linalo. Ndivyo watu wanavyofanya. Ukipata kitu cha kukuinua, unakipa jina la mtoto, kiwe na heri yake. Nao walikuwa na sababu zaidi ya wengine. Kabla ya Lea walizika wawili. Lea sasa ana miaka tisa, na mama yake bado huamka alfajiri kusikiliza kama anapumua.

Kwa hiyo Cleopa alipounganisha mashine stoo, na programu ya kuchimba ikafunguka na kuuliza jina la mfanyakazi, hakufikiri. Aliandika Lea. Yusta alikuwa amesimama nyuma yake, na ukweli ni kwamba alitabasamu.

Kitu kimoja tu kilimgutusha. Programu nzima ilikuwa kwa Kiswahili. Cleopa alisema hajawahi kuona ya namna hiyo, akafurahi. Akaitega mashine ijiwashe yenyewe kila umeme utakaporudi, akafunga mlango wa stoo.

Vuuuu... vuuuu... Feni zikaanza.

Siku ya tatu Cleopa alirudi kutoka kwenye mita akiwa ameshika kiuno. Yuniti za umeme hazikuwa zimepungua. Kadi tatu zinapaswa kula wati zaidi ya mia tatu, saa zote, na yuniti zilikuwa karibu palepale. Alishuku mita. Alishuku waya. Akaleta kipimo chake, akapima pale pawa saplai inapoingia ukutani, akakuta umeme unaopita ni wa kuwasha taa ndogo tu. Alisema labda kipimo kimeharibika. Akapima pasi ya mkewe; kipimo kilikuwa kizima.

"Basi inakula nini?" aliuliza Yusta.

Cleopa akarudi kupima mara ya pili.

Wiki hiyo mwalimu wa Lea alileta habari kwamba mtoto analala darasani. Nyumbani aliacha chakula. Alipoamka asubuhi, macho yake yalikuwa ya mtu aliyekesha, na vidole vyake vilikuwa vya moto, vidole tu. Walimpeleka hospitali. Alipimwa damu, akapimwa malaria, hakuonekana na ugonjwa. Njiani kurudi, Yusta alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile. Kichwa kikamlalia begani... na ile harufu ikampanda puani.

Nywele. Moto.

Jumamosi, baada ya alasiri, Lea alikaa uani akichambua matembele pamoja na Bernadetha, bibi mjane wa nyumba ya pili, ambaye huwa anamtania kwamba ni mke mwenzake. Siku hiyo alikuwa akimwambia kwamba mke asiyejua kuchambua mboga atarudishwa kwao. Lea alicheka. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba. Kisha redio ikanyamaza.

Umeme ulikuwa umekatika.

Lea akaanguka.

Hakupiga kelele. Hakutetemeka. Alilala chini kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba. Yusta aliweka sikio kifuani pake, akasikia... hakuna. Bernadetha alimwagia mtoto maji, akamsugua miguu, akawa anaita jina la Mungu kwa lugha ya kwao. Yusta hajui muda ulikuwa mrefu kiasi gani. Anakumbuka tu kwamba redio iliimba tena, ghafla, katikati ya neno.

Stoo: vuuuu...

Lea akafumbua macho. Akachukua tawi la matembele, akaendelea kuchambua. Akauliza nani amemmwagia maji.

* * *

Cleopa aliporudi kutoka dukani, Yusta alimwambia yote, akiwa amesimama, bila machozi. Alitegemea mumewe atabisha. Hakubisha. Alisema jambo ambalo fundi yeyote angesema. Tupime.

Walimlaza Lea mkekani sebuleni. Yusta akaweka kiganja kifuani pake. Cleopa akaingia stoo, akaacha mlango wazi ili wasikizane. Pale kwenye programu unaweza kupunguza wati za kila kadi, mashine ikafanya kazi polepole.

"Nimepunguza," alisema.

Feni zikalegea. Vuu... vuu...

Chini ya kiganja cha Yusta, moyo wa mtoto ukalegea nao.

"Rudisha."

"Subiri, nataka nione kama..."

"Rudisha, Baba Lea."

Akarudisha. Moyo ukapanda mbio, na Lea, usingizini, akaanza kusaga meno.

Hawakuweza kuzima. Hilo walilijua wote wawili bila kuambizana. Yusta alisimama mlangoni mwa stoo, mahali ambapo angeweza kumwona mtoto na kioo cha kompyuta kwa pamoja. Nje kiza kilikuwa kinaingia. Cleopa alifuta jina la Lea.

Sehemu hii haiwezi kuachwa wazi.

Aliandika Mashine. Kioo kikasita, kisha neno likajifuta lenyewe, herufi moja moja, na jina la Lea likarudi. Akajaribu namba. Likarudi. Akainamia zile kadi, akasoma plasta za mgongoni, akaandika Oliver.

Mfanyakazi huyu amemaliza.

Akaandika Devota.

Mfanyakazi huyu amemaliza.

Hakuandika la tatu. Alikaa, vidole vimening'inia juu ya herufi, na hapo Yusta alisikia sauti ikinong'ona, laini, ya upole kabisa.

"Andika Bernadetha."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Bibi aliyekuwa amemwagia mtoto wao maji saa mbili tu zilizopita. Kupitia ukuta walikuwa wakimsikia akifunga kuku wake, akiwasemesha. Cleopa aligeuka akamtazama mkewe. Hakumtazama kwa hasira, na hilo ndilo Yusta hataki kulikumbuka. Alimtazama kama mtu anayefikiria bei.

Halafu akageukia kioo, akaandika Cleopa.

Mfanyakazi mpya amepokelewa.

Kule mkekani Lea alikohoa. Akaketi. Akapikicha macho na kuuliza kama kuna kiporo, kwa sababu njaa inamuuma. Mama yake alimbeba, akampeleka jikoni, akamtazama akila sahani nzima na kuramba vidole. Vidole vilikuwa baridi, vizuri, vya mtoto.

Aliporudi stoo, Cleopa alikuwa ameegemea ukuta. Alisema yuko sawa, ni uchovu kidogo. Akafumba macho.

* * *

Yusta alinunua betri, na kifaa cha kubadili umeme wa betri uwe wa nyumbani, ili mashine isizimike hata dakika moja. Wateja wa dukani aliwaambia fundi anaumwa mgongo. Kila asubuhi alimlisha mumewe uji kwa kijiko. Cleopa alikunywa, akauliza habari za mtoto, akalala tena, na kila siku kijiko kilichukua muda mrefu zaidi. Namba ya yule mtu ilikuwa haipatikani.

Siku ya kumi na mbili alimwacha Bernadetha akimwangalia mgonjwa, akapanda gari la kwanza kwenda Mikumi. Alitaka jambo moja tu: kumuuliza yule mtu namna ya kumtoa mumewe.

Alifika asubuhi, jua limewaka. Nyuma ya gesti, mwanamke mnene alikuwa akifua mashuka, kanga moja kiunoni, nyingine begani. Ndiye mwenye nyumba. Alikuwa mcheshi. Alimwambia yule mpangaji alihama, zimepita wiki mbili sasa, na mlango haujafunguliwa tangu siku hiyo kwa sababu ufunguo ulikuwa umepotea. Ameupata jana tu. Hakuwahi kulijua jina lake. Alimwamini kwa sababu alikuwa na adabu.

Akamfungulia mlango.

Chumba kilikuwa kitupu. Lakini mlango ulipofunguka wote, mwanga wa jua uliingia mpaka ukuta wa nyuma, ule ambao siku ile ulikuwa gizani. Ulikuwa umeandikwa. Majina, kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko mzuri uliopangwa kama rejista ya darasa. Mengi yalikuwa yamepigwa mstari. Yusta alifuata kwa kidole, kwenda chini, akasoma polepole, mpaka akafika.

Lea. Limepigwa mstari.

Chini yake, Cleopa.

Aligusa hilo jina. Wino ukamshika kidoleni. Ulikuwa haujakauka.

Chini ya jina la mumewe palikuwa na nafasi, na pembeni ya nafasi hiyo mtu alikuwa ameshachora kinukta kidogo, kama anavyofanya mwalimu anaposubiri mwanafunzi ajitaje.

Alitoka kinyumenyume. Mwenye nyumba alikuwa amemletea kigoda na maji ya kunywa, na sura yake ilikuwa ya huruma. Akampokea mkono, akaukalisha kwenye viganja vyake viwili vyenye povu, akamuuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni yeyote:

"Pole, mwenzangu. Kwani wewe unaitwa nani?"

Yusta alifungua mdomo.

Akaufunga.

Akachomoa mkono wake taratibu na kuanza kutembea kuelekea barabarani, bila kugeuka. Nyuma yake lile swali lilirudiwa, mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi.